Namba za Kisima cha Bweni

Wewe uliye mwalimu, au uliye na mtoto shuleni, isome hii taratibu mpaka mwisho, ndipo umpelekee mwenzako.

Katika shule moja ya bweni ya wasichana, huko Nyanda za Juu Kusini, alikuwepo mwalimu wa sayansi aliyeitwa Anyosisye. Kwa miaka kumi na minne alifundisha kwa chaki na ubao, akichora vifaa ambavyo wanafunzi wake hawakuwahi kuvishika. Kwa hiyo siku shule ilipoletewa vishikwambi vinane, kila kimoja na kijiti chake cha kupimia maji, alifungua maboksi kwa mikono yake mwenyewe, na kila jioni alivifuta vumbi kimoja kimoja.

Ukichovya kijiti kile kwenye maji, kishikwambi kinaonyesha namba. Maji yakiwa na vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake, namba inapanda. Siku hadi siku namba hizo hujichora zenyewe kuwa mstari kwenye kioo.

Mwalimu aliwagawa wanafunzi wa kidato cha pili katika makundi, kila kundi na maji yake: mto, bomba la shule, tangi la mvua. Kundi la Tusekile, msichana mpole lakini mwenye maswali yasiyoisha, lilipewa kisima cha bweni. Wasichana wote walikunywa maji ya kisima hicho.

Walipima kwa wiki tatu. Mistari ya wenzao ilitulia. Wa Tusekile ulikwenda sawa siku tisa, kisha mvua ikanyesha na namba ikaruka, ikawa maradufu. Ikashuka. Mvua iliponyesha tena, ikaruka tena.

Wakati huo zilikuwa zimebaki siku mbili tu wageni kutoka wilayani waje kuona jinsi shule inavyotumia vifaa vile. Mwalimu alipouona mstari wa Tusekile, moyo ulimshuka. Alisema kijiti hakikusuuzwa vizuri, au kilizamishwa hadi kikagusa tope.

“Nilikisuuza, Mwalimu,” Tusekile akasema. “Na nimepima mara tatu.”

“Basi umekosea mara tatu. Futa hizo mbili zilizoruka, uweke namba zinazofanana na za jana yake.”

Msichana alisimama kidogo, kishikwambi mkononi. Akauliza kama isingefaa kuwauliza wageni wenyewe kwa nini namba inapanda mvua ikinyesha. Mwalimu akamjibu kwamba wageni hawasafiri kuja kuangalia makosa ya watoto. Maji yale ni mazuri, alisema, yeye mwenyewe anayajua.

Tusekile akafanya alivyoambiwa.

Wageni walikuja, wakaiona mistari minane iliyonyooka, wakapiga makofi. Mwalimu Anyosisye alipigwa picha akiwa katikati ya wanafunzi wake. Picha hiyo ilibandikwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Masika yalipokolea, wasichana wakaanza kuugua. Mmoja homa, wa pili tumbo, na kabla ya wiki kwisha walikuwa kumi na tisa hospitalini. Madaktari walisema ni homa ya matumbo. Kumi na wanane walipona. Sekela wa kidato cha kwanza, aliyekuwa amekaa shuleni miezi mitatu tu, hakurudi.

Bwana afya alikuja kukagua. Alitembea kutoka bwenini hadi juu ya kilima, akakuta shimo la choo cha zamani limetitia. Kila mvua iliponyesha, uchafu wake ulishuka chini kwa chini hadi kisimani. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuyapima maji yale.

Mwalimu akaenda kabatini kuchukua kishikwambi cha kundi la Tusekile. Alijua atakuta mstari ule wa uongo, akawa tayari anapanga maneno ya kujitetea.

Aliukuta. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwingine ambao hakuwahi kuuona. Ulianza siku iliyofuata ziara ya wageni na kuishia siku ya kwanza ya wasichana kuugua. Kila mvua, namba ilipanda. Wiki za mwisho haikushuka tena. Pembeni ya kila kipimo palikuwa na maneno machache: leo nimesuuza mara tano. Leo sikugusa tope. Leo nimebadilisha ndoo.

Tusekile alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa, bado kalazwa. Mwalimu alikwenda wodini na kile kishikwambi. Msichana alikuwa amekonda, shuka limemfunika hadi kidevuni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.” Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwonyesha mstari. “Kumbe uliendelea kupima. Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa natafuta kosa langu. Nilitaka nilipate kwanza, ndipo nije.”

“Na maji? Uliziona namba hizi zote, bado ukawa unakunywa?”

Tusekile alimtazama kama mtu asiyeelewa anachoulizwa.

“Ulisema ni mazuri, Mwalimu.”

Mwalimu alimweleza habari za shimo la kilimani. Akamwambia namba zake zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na kwamba hapakuwa na kosa lolote.

Msichana akakivuta kishikwambi, akautazama tena mstari wake.

“Kwa hiyo ningesema kwa mtu mwingine,” akauliza polepole, “Sekela angekuwepo?”

Mwalimu akamwambia mzigo huo ni wake yeye, mtu mzima, wala si wa mtoto. Alilirudia neno hilo mara mbili. Lakini safari hii Tusekile hakumwamini.

Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Anyosisye alisimama na kusimulia yote, mbele ya mama yake Sekela, bila kujitetea. Kisima kilifungwa. Mwaka uliofuata, wanafunzi walipochagua masomo ya kidato cha tatu, Tusekile aliacha fizikia na kemia. Mwalimu hakuthubutu kumuuliza sababu.

Bado anafundisha. Mwanafunzi akimletea namba ya ajabu, huacha kila kitu, akabeba ndoo na kufuatana naye hadi kwenye maji, wakapima pamoja. Wanafunzi wa sasa humsifu kuwa mwalimu msikivu. Akisikia sifa hizo, huinamisha kichwa.

Funzo: Ukimpa mtoto chombo cha kuutafuta ukweli, uwe tayari kuusikiliza atakapokuletea, kwa maana ukimfundisha kuyatilia shaka macho yake ili wewe usifiwe, siku utakapomhitaji aone, utakuwa umekwisha kumpofusha.