Hadithi Arobaini za Mwalimu

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila huo una mwenyewe, naye anapita nao njia. Atakayetupa wake kwa kuutamani wa mpita njia atalala chini. Vidole, mpiga chapa aliyepewa jina hilo kwa wepesi wake wa kuchapa, aliijua methali ya mikeka hiyo miwili tangu shuleni. Kuijua kulimsaidia nini?

Kompyuta yake ilikuwa kongwe. Akiiwasha asubuhi, hufagia duka zima ndipo iamke. Hata hivyo haikuwahi kumwangusha, na ndani yake mlikuwa na hadithi arobaini alizorekodi mkewe, mwalimu wa chekechea, kabla ya kupasuliwa koo. Upasuaji ulimwokoa maisha, ukaondoka na sauti. Kila alasiri binti yao wa miaka minne aliketi kigodani nyuma ya meza ya baba, akamsikiliza mama.

Siku moja fundi simu wa duka la jirani akamsifia Vidole mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, mwepesi kama unyoya.

"Huo wa zamani usiuache, kaka. Weka yote miwili. Ukiwasha, unachagua."

Mkewe akachukua kibao na chaki, akaandika: "Sauti yangu je?"

"Usijali, mke wangu. Nainakili kwenye flashi sasa hivi."

Akakivuta kipicha cha hadithi kutoka kwenye skrini, akakitia kwenye flashi, kisha akakibonyeza humo humo. Sauti ya mkewe ikajaa duka: "Hapo kale alikuwepo fisi..."

"Umesikia?"

Mkewe akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Kazi ikaanza. Mashine ikasema kuigawa diski ili mifumo miwili ikae pamoja kutachukua saa tano. Chini yake palikuwa na chaguo jingine: futa kila kitu, uanze upya, dakika ishirini. Wateja wawili walikuwa wameshasimama mlangoni na karatasi zao. Vidole akakuna kichwa. Saa tano za nini, na sauti anayo mfukoni? Akabonyeza kufuta.

Mfumo mpya uliwaka kufumba na kufumbua. Akachomeka flashi, akabonyeza kipicha. Kimya. Akabonyeza tena, jasho likimtoka. Fundi simu alipoitwa, aliikagua flashi.

"Kaka, hukunakili hadithi. Hiki ni kielekezi tu, kama kibao cha njiani. Ile mara ya kwanza kilikupeleka kwenye hadithi zilizokuwa bado ndani ya mashine."

"Na sasa?"

"Sasa kinaelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa."

Walihangaika siku tatu kuzifufua, wasiambulie hata neno moja.

Siku ya nne binti akaja, akaketi kigodani. "Baba, leo nataka ya fisi."

Mama akachukua kibao, akaandika mwanzo wa hadithi, akamwonyesha mwanawe. Mtoto akautazama, akamgeukia baba.

"Sijui kusoma."

Vidole akapiga magoti, akamsomea kwa sauti yake nzito, iliyokuwa ikikatika. Mtoto alisikiliza kidogo, kisha akainuka.

"Siyo hiyo," alisema, akatoka nje.

Mama alifuta kibao taratibu kwa kiganja, bila kumtazama mumewe, na Vidole akabaki na mashine yake nyepesi, akiwa ameisikia kweli kwa mara ya kwanza methali aliyoikariri utotoni: usiache mbachao kwa msala upitao.