Majivu ya Jikoni kwa Eselina

“Joto la majivu si moto.” Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu Erasto asubuhi hii, aliposema presha yake imeshuka na kwamba vidonge amevipumzisha kabatini. Mkacheka, mkadhani bibi ametunga maneno yake. Sikutunga. Methali hii ina mahali ilipoanzia, nami nilikuwapo, na ingekuwa heri isingeanza kabisa.

Ninyi mmekua na vibiriti mfukoni. Zamani huku Ukinga vibiriti vilikuwapo dukani, lakini mwanamke aliyemaliza njiti ilhali ana jiko aliitwa mvivu. Moto ulifichwa. Wa mwisho kulala alifukia kaa kubwa ndani ya majivu, na asubuhi akalifukua, akaweka vijiti vikavu, akapuliza. Aliyesahau alishika kigae akaenda kwa jirani kuomba moto, na hakukosa kutaniwa.

Jirani yangu alikuwa Eselina Mbilinyi, mke wa Ananiya Sanga. Alikuwa na rovu shingoni, limekua hadi likamzuia kumeza. Hospitali ya misheni wakampasua, wakaitoa tezi yote. Daktari akamwambia kuwa tangu siku ile kidonge kidogo cheupe ndicho tezi yake, akimeze kila alfajiri kabla ya kula, maisha yake yote. Hayo maneno ya mwisho yalimkaa vibaya. Alikuwa bado kijana, binti yake Oresta hajaacha kunyonya, na alichokitaka ni kimoja tu: aamke siku moja akiwa si mgonjwa.

Tena tusiwe wanafiki, hospitali nayo ilimchosha. Alikaa kwenye benchi mpaka jua la utosi, kisha daktari akamwuliza maswali bila kuinua macho na kuita mwingine. Akisema nywele zinanyonyoka, anaambiwa ni kawaida. Akisema anachoka, anaambiwa ameze dawa. Simlaumu kwa kutafuta mtu wa kumsikiliza. Hata mimi ningetafuta.

Akampata mjini. Bwana mmoja, Lutengano, alikuwa amefungua kituo cha tiba mseto, yaani dawa za asili na za hospitali chini ya paa moja. Huyo alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akamsikiliza mpaka akalia. Alimkanda miguu, akampa majani ya chai, akampangia chakula. Mengi ya hayo yalikuwa mema, laiti yangekaa pembeni ya kidonge. Lakini Eselina alipomwuliza kama anaweza kukiacha, bwana yule hakusema ndiyo wala hapana. Alisema mwili ukisafishwa hujikumbuka. Eselina akarudi nyumbani, akatia vidonge kwenye kopo, akaliweka juu ya uchaga wa jikoni pamoja na mbegu za maboga.

Wiki zikapita na Eselina yu mzima. Alichuma pareto, akaimba kwaya sauti ya kwanza. Akawa anatuambia wanawake kisimani kwamba ameacha dawa na hana alichopungukiwa, na wawili watatu wakapanda gari kwenda kwa Lutengano.

Kisha baridi ikamwingia. Alivaa sweta mbili juani. Sauti ikawa nzito, kwaya wakamhamishia sauti ya chini. Alisinzia mchana, jembe mkononi. Uso ukajaa, na sisi wajinga tukamsifu kuwa amenawiri, Ananiya anamlisha. Huku kwetu uso uliojaa ni sifa ya mume, nani angeuita ugonjwa? Lutengano naye akatuma ujumbe kuwa ni sumu zinatoka, aongeze chai.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, sakitu, umande ulioganda kwa baridi, imetanda bondeni, moto wangu ulikuwa umezimika. Nikashika kigae kwenda kwa Eselina. Nilimkuta amejikunyata kando ya jiko, mama mkwe wake, bibi Yuditha, anamwogesha mtoto. Eselina akanikaribisha nichukue moto, neno moja moja, kama mtu anayenyanyua mawe. Nikaweka kiganja juu ya majivu. Yana joto. Nikafukua, nikafukua hadi chini. Hamna kitu.

“Ulifukia kaa jana?” bibi Yuditha akamwuliza.

“Nililala, mama. Lakini jiko si lina joto?”

Bibi akamshika mkono, akashtuka kwa ubaridi wake. Akauliza vidonge viko wapi. Eselina akatazama uchaga.

“Niliviacha tangu tunapanda viazi,” akasema. “Mbona nilikuwa mzima?”

Alisinzia akiwa bado ameshikwa mkono, na hatukuweza kumwamsha. Tulimpakia juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililokuwa linashuka mjini. Hospitali walihangaika naye kutwa nzima. Jioni muuguzi akatoka, akaketi karibu na bibi Yuditha kabla ya kusema neno, nasi tukajua.

Bibi hakulia pale. Aliuliza swali moja, kwamba yale majuma Eselina aliyoimba na kuchuma pareto bila dawa, nguvu zile zilikuwa za nini.

“Zilikuwa za vidonge vya zamani, bibi,” muuguzi akamjibu. “Dawa ile hukaa mwilini wiki nyingi. Ilikuwa inaisha taratibu.”

Bibi Yuditha akatazama viganja vyake, vingali na weusi wa jikoni.

“Joto la majivu si moto,” akasema.

Tulimzika juu ya shamba la pareto. Bibi Yuditha alimlea Oresta, na hadi kufa kwake hakulala kabla ya kufukua majivu na kuliona kaa kwa macho yake. Watu waliona ni ukichaa wa uzee. Mimi sikuwahi kumcheka.

Sasa mjomba wenu yuko kibarazani, anasema anajisikia vizuri. Eselina naye alijisikia vizuri. Mpelekeeni maji ya kunywa na vile vidonge vyake, na akiuliza nani kawatuma, mwambieni: joto la majivu si moto.