Simu Isiyomfungukia Mtu Aliyenuna

Mazongo, pandikizi la mtu lililoogopwa mtaa mzima, alimpokonya Kibibi mpambaji simu mchana kweupe. Namba za wateja wake wote zilikuwa humo.

"Namba ya siri, upesi!"

"Sifuri mara nne, kaka. Ila kenua meno kwanza. Simu yangu haimfungukii mtu aliyenuna."

Mazongo akakenua, akabonyeza. Simu ikagoma.

"Kenua vizuri, bwana! Au unaona haya kama bwana harusi?"

Akakenua hadi magego, akabonyeza tena. Mara akina mama wa kamati ya harusi wakamiminika kutoka nyumba ya pili, miiko mikononi, wakitazama simu zao.

"Ndiye huyu! Hata pengo ni lile lile!"

Kibibi akachukua simu yake taratibu.

"Ukikosea namba, kaka, inakupiga picha na kuituma kwenye kundi letu. Umependeza!"