Chui Alivyoshiba Kabla ya Mbio

Hadithi tena? Mmenikuta nachambua mchele, mmekaa kwenye mkeka wangu, na hakuna hata mmoja aliyeleta kuni. Haya, fungeni midomo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, Chui alimkamata Kitutu, mtoto wa Mama Digidigi, akamfunga mlangoni kwake.

"Kapita uwanjani kwangu," alinguruma. "Jioni ni kitoweo."

Mama Digidigi, mdogo kama paka, akaja na sufuria kichwani.

"Shikamoo, mzee Chui."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kushindana. Watu wanasema wewe hodari wa kuvizia tu. Safari ndefu huwezi."

"Nani kasema?!"

"Twende mbio mpaka Kilima cha Chumvi na kurudi. Ukishinda, utule sote wawili. Nikishinda, nipe mwanangu. Ila shujaa hakimbii na njaa. Nimekupikia wali wa nazi na kuku."

Chui akala. Akala! Akalamba na sufuria. Mama Digidigi yeye alikunywa uji mwepesi alfajiri, wenye chumvi kidogo, basi.

Jua likapanda. Nyani wakakaa njiani kutazama.

Vuuu! Chui akatoweka vumbini. Mama Digidigi akafuata, tk-tk-tk-tk, akipitia vivulini, akivuta hewa kwa ile pua yake ndefu, akitafuna majani mabichi.

Lakini damu ni moja, wajukuu. Haiwezi kupika jikoni na kulima shambani kwa wakati mmoja. Tumbo la Chui likaivuta huku, miguu ikaivuta kule. Goro-goro! Kichomi ubavuni. Moyo du-du-du-du! Na chui hana jasho la kumpoza mwili mzima. Akachemka kama chungu kilichofunikwa. Ulimi nje, hah-hah-hah. Mara paja likakaza kama gogo. Puu! Chini.

"Pole, mzee," Mama Digidigi akapita.

Akafika kilimani, akarudi, bado tk-tk-tk.

"Asante, moyo wangu mdogo, hukunitangulia," alisema. "Asante, pua, umenipoza. Asante, miguu." Nami miguu yangu naishukuru kila asubuhi, hata ikinung'unika.

"Maji!" Chui akalia pale pale alipoanguka.

Mama Digidigi akampa, na chumvi kidogo ndani. Hakuwa mwenye roho mbaya.

"Mama Kitutu, ahsante. Sitasahau."

"Usisahau na mwanangu."

Nyani wakazomea: "Lipa! Lipa!" Chui akachechemea mpaka kwake, akamfungua Kitutu. Mtoto akaanguka.

"Umemfunga kutwa, miguu imekufa ganzi," mama akasema. "Nani atambeba?"

Chui akainamisha mgongo.

Mwili hauogopi madoadoa ya mtu: usipoutunza, utakulaza njiani.

Basi Chui akambeba Kitutu mgongoni, mlima mzima mpaka kwao, akichechemea, na mtoto akimpiga visigino mbavuni: "Haya, babu, mdogo mdogo!"