Jina la Mtoto wa Msituni

Hapo zamani, tena zamani changa kabisa, maana droni zilikuwa zimeshafika Upare, mwanamke mmoja aitwaye Eliaichi alijitwika kikapu akaondoka kwa mumewe kwenda kujifungulia kwa mama yake. Mimba ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa imekomaa. Njia ya barabarani aliijua. Lakini akapita ya mkato, ya msituni, na ukungu ukamshukia humo humo.

Kulipokucha hakuwa amefika kwa mama yake, na barabarani hakuonekana. Dada yake, Nakijwa, akakimbia mpaka uwanja wa shule akipiga yowe, kwa sababu pale alikuwapo Hidaya, binti wa kamati ya mazingira, aliyekuja na droni kuupiga picha msitu.

"Irushe, mdogo wangu! Irushe sasa hivi!"

"Kwenye ukungu sirushi, dada. Itagonga mti, na droni ninayo moja tu."

Lo! Matusi aliyotukanwa msichana yule! Wakamwita mwoga, wakamwita moyo wa jiwe. Hidaya akakaa juu ya sanduku lake, machozi yakimtoka, na hakurusha. Kawia ufike, wenye lugha walisema. Lakini Foibe, jirani yao mchanja kuni, hakukaa. Alichukua panga, akasema, "Ninyi subirini jua, mimi natangulia," msitu ukammeza.

Basi ukungu ukanyanyuka! Hidaya akaruka kutoka kwenye sanduku. Akaiweka droni katikati ya uwanja, mbali na matawi, akaipandisha wima hadi ikaupita mti mrefu kuliko yote, ndipo akaielekeza msituni.

"Dada Nakijwa," akasema, "mimi natazama kioo cha rimoti, chenye picha. Kioo hakioni pembeni. Wewe itazame droni yenyewe. Usigeuke, hata ukiitwa."

"Hata nikiitwa," Nakijwa akaapa.

Droni ikapita bonde, Nakijwa macho juu. Ikazunguka kilima, Nakijwa macho juu. Shingo ikamuuma, jua likamchoma, Nakijwa macho juu.

Mara uwanja mzima ukalipuka. "Yule! Yule pale! Kanga ya njano! Anainua mkono!"

Jamani, mdogo wako wa tumbo moja yuko kwenye kioo, nyuma ya mgongo wako! Mama yake akamvuta nguo: "Nakijwa, geuka umwone mwenzio!" Nakijwa macho juu. Hakugeuka. Na kwa kuwa hakugeuka, alimwona tai.

"Tai! Tai kulia! Panda, Hidaya, panda!"

Hidaya akaipandisha kwa kasi. Tai akapita chini yake, kucha tupu, akaenda zake. Watu wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

Droni ikarudi juu ya Eliaichi, ikatulia hapo ikivuma. Ndani ya msitu Foibe akausikia mvumo, akaufuata, panga likila miiba. Alikuwa bado hajafika betri ilipoanza kulia. "Iache hapo hapo!" watu wakapiga kelele. "Ikizima itamwangukia mgonjwa," Hidaya akajibu, akairudisha uwanjani ingali na chaji.

Mvumo ukakatika. Foibe akabaki peke yake katikati ya majani. Akasimama, akasikiliza, akasikia mtu akiguna. Alifika kichwa cha mtoto kikichungulia dunia. Akampokea, akamviringisha kwa kitenge chake mwenyewe, kisha akatoka msituni mama mgongoni, mtoto kifuani. Nguvu alizipata wapi, msiniulize mimi.

Alikuwa mtoto wa kike. Eliaichi akasema, "Ataitwa jina la aliyetuokoa. Jina moja tu, halikatwi vipande."

"Basi ni Foibe," akasema Foibe. "Mikono hii ilimdaka kabla hajagusa udongo. Wenzangu mlikuwa uwanjani."

"Ungemdaka wapi, dada Foibe, kama nisingekuonyesha?" akasema Hidaya. "Nilitukanwa nikasubiri. Ningerusha kwenye ukungu, ungekuwa unazunguka humo mpaka leo."

Nakijwa alikuwa bado anajikanda shingo. "Mimi sikumwonyesha mtu njia, wala sikumdaka mtoto," akasema. "Ninyi nyote mlimwona mdogo wangu. Mimi, dada yake, nilitazama mawingu, ili ninyi mwendelee kumwona."

Kijiji kikagawanyika. Wanaosema Foibe hawasikii, wanaosema Hidaya hawasikii, wanaosema Nakijwa ndio kabisa. Na mtoto huyo, ameamka, analia. Maziwa amekwisha kupewa, jina bado.

Haya, ninyi mnaonitazama mdomo: je, nani alistahili? Tumwite mtoto nani?