Ukoko Juu ya Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmefunga? Paukwa!

Pakawa!

Leo nawapa mlima ulionguruma kuliko simba. Mkisema mwongo, nyie mlionizidi madarasa, pandeni mkauulize wenyewe.

Enzi hizo, miguu haijajua viatu, palikuwa na kijiji chini ya mlima wenye theluji. Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Bibi Ndealilia, mchunga mbuzi. Wakubwa wanamkumbuka hadi leo, maana alikuwa akichimba theluji kama mtu anayetafuta viazi.

Asubuhi moja akapita kijana Ndetaramo na dume la ng'ombe, kamba ya dume kaifunga kiunoni mwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Dume hilo walipeleka wapi?"

"Mahari, ng'ambo ya mlima. Jua likizama sijafika, Nkunde anapewa mwingine."

"Basi usikate mteremko huu wa theluji, pita msituni."

"Msituni nitafika kesho, Bibi!"

Bibi hakubishana. Akachimba. Chwa! Chwa! Chwa! Ndetaramo akachungulia shimoni.

"Unatafuta nini?"

"Theluji ya juzi."

"Kwani theluji si theluji tu?"

"Ugali wa juzi ni sawa na wa leo?"

Ndetaramo akapiga magoti. Juu palikuwa pagumu, pamepigwa na upepo siku tatu. Chini yake, chembechembe. Akazichota, zikampita vidoleni.

"Mbona hazishikani?"

"Ngoja."

Bibi akagonga juu kwa kiganja. Ko, ko, ko. Mara tabaka zima likateleza, shwaa, likamwangukia Ndetaramo mapajani.

"Umeona? Ukoko juu ya chumvi. Ukisikia *bumm* chini ya nyayo zako, umeshachelewa."

Ndetaramo akalitazama jua. Akautazama mteremko, mweupe, mtulivu kama mtoto aliyelala. Akageuza dume, akashika njia ya msituni. Hajafika mbali, bumm! Gururururu! Mteremko wote ukashuka, ukaimeza njia.

Kesho yake akafika. Baba yake Nkunde alikuwa mlangoni.

"Jana nilisikia ngurumo," akasema. "Nikajua moja kati ya mawili: mjinga amekufa, au mwerevu atachelewa. Karibu, mwanangu."

Nkunde akaolewa. Basi jamani, mlima usiuulize uso, uulize tumbo. Hadithi yangu naitua hapa.

Mnanitazama nini?

Haya. Kuna kipande nilichokificha. Ndetaramo hakugeuka. Alisema, "Chumvi yako kapikie, Bibi," akaikanyaga theluji. Hatua ya sita, bumm! Dume lilikuwa bado kwenye mawe, limegoma, kwato limezikita. Theluji ikamzoa Ndetaramo, kamba ikakaza, dume likarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, likamng'oa kama kiazi. Bibi akamkung'uta masikio, akamwonyesha njia ya msituni.

Baba mkwe alihesabu wawili: mjinga aliyekufa, mwerevu aliyechelewa. Wa tatu hakumjua, mjinga aliyevutwa na ng'ombe.

Huyo ndiye babu yangu.