Leo Mlima Hauonekani

Hii imenifikia leo, nami naipitisha kama ilivyo. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye gari la watalii, hata yule wa chipsi anayejiita mwekezaji, asome mpaka chini.

Palikuwa na mama mmoja aitwaye Aikaruwa, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, katika kijiji cha juu kabisa kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kiinua mgongo chake chote alikijengea nyumba ya wageni ya vyumba sita. Kila chumba alikiwekea dirisha kubwa linalotazama mlima. Mafundi walimwonya kwamba upande ule ndio wa baridi, bora madirisha yatazame barabarani.

"Wageni wangu hawatatoka kwao kuja kutazama barabara," aliwajibu, na wakatoboa alipotaka.

Madirisha hayakuwa na kosa. Shida ilikuwa mlima wenyewe, maana haufuati ratiba ya mtu. Leo unajianika mweupe tangu alfajiri, kesho unajifunika wiki nzima kama mgonjwa wa homa. Na mwezi wa sita, kijiji chote huzama kwenye ukungu.

Mwaka ule vyumba vyake vilikaa vitupu. Bwana Tesha, mfugaji wa kuku wa kisasa, akaja na utepe wa kupimia, akiitaka nyumba iwe banda lake. Akapima vyumba vyote sita, akatikisa kichwa.

"Madirisha makubwa mno kwa vifaranga," alisema. "Lakini si kitu, tutaziba kwa mabati. Nipe jibu kabla mwezi haujaisha, mama."

Mama Aikaruwa alimpa chai, akamsindikiza hadi getini kwa heshima zote. Aliporudi, aliketi kwenye kitanda cha chumba namba tatu akalia. Aliona uchungu sana. Miaka thelathini na moja ya chaki, halafu mwisho wake uwe kuku!

Basi akamwita mtoto wa kaka yake, Ombeni, aliyesomea masoko mjini. Ombeni alifika na viatu vyeupe, kijijini kwenye matope, na neno "promosheni" halikumtoka mdomoni tangu salamu mpaka chakula. Siku ya pili tu alikwishasimamisha bango kule njia panda, kando ya mabango ya nyumba nyingine nne za wageni. Lilikuwa na picha ya mlima, namba ya simu, na maandishi makubwa: MLIMA UNAONEKANA KILA SIKU. UHAKIKA. Mbele ya mlima alisimama twiga.

"Ombeni, huyu twiga katoka wapi?" aliuliza shangazi yake. "Hapa hata punda hatuna."

"Huo ni mvuto, shangazi. Jirani yako kaweka tembo."

"Na mgeni akimuulizia?"

"Akishafika, kashafika."

Kisha akampa somo. Simu ikilia, jibu ni ndiyo. Maji ya moto yapo? Ndiyo. Mlima unaonekana? Ndiyo. Mengine yatazungumzwa mabegi yakishashushwa. Mama Aikaruwa aliitikia, lakini moyoni hakutulia, kwa sababu maisha yake yote aliwachapa watoto kwa kosa hilohilo.

Jumanne, saa nne asubuhi, simu ikalia. Ombeni akaruka, akabonyeza spika, akamsogezea.

"Shikamoo mama," sauti ya mwanamke ilisema. "Naitwa Grasiana. Nina wageni kumi na wawili, wazee watupu, wamekuja kuuona mlima. Eti leo unaonekana?"

Mama Aikaruwa akatazama dirishani. Weupe mtupu. Kamba ya nguo iliyokuwa hatua tano kutoka ukutani haikuonekana, wala mparachichi, wala banda la mbuzi. Ombeni alikuwa akitikisa kichwa kusema ndiyo, kwa nguvu, mpaka miwani ikamshuka puani.

Vyumba sita, watu kumi na wawili. Nyumba ingejaa pomoni. Bwana Tesha angerudi kwake na utepe wake kapuni.

Akavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Hapana, hauonekani. Jana haukuonekana. Juzi ulichungulia alfajiri kama robo saa, ukajifunika tena."

Ombeni akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo unanishauri nisije?" mwanamke aliuliza.

"Anayetaka mlima bila wasiwasi aje mwezi wa kwanza. Mkija sasa, mjue mnakuja kuota moto jikoni na kunywa mtori wa ndizi na nyama. Mlima ukitoka, hiyo itakuwa bahati yenu. Na waambie wazee wavae soksi za sufu, huku baridi haina utani."

"Haya, mama. Asante." Simu ikakatika.

"Shangazi!" Ombeni alipiga kelele. "Umewafukuza watu kumi na wawili kwa mdomo wako mwenyewe! Soksi? Nani anauza chumba kwa soksi?"

Mama Aikaruwa akakaa chini. Aliogopa kweli, na alijua amejiponza.

"Mpigie Bwana Tesha," alisema mwishowe. "Mwambie aje na mabati yake."

Ombeni alikuwa bado anaitafuta namba, honi ikalia getini. Hazikupita hata dakika kumi. Basi dogo lilitokeza kutoka kwenye ukungu, taa zikiwaka mchana kweupe, akashuka mwanamke mfupi mwenye koti la mvua.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye Grasiana wa simu."

"Marahaba. Lakini mwanangu, si nimekwambia mlima hakuna?"

"Umeniambia." Grasiana alicheka. "Nilikuwa hapo njia panda, ndani ya gari, nimezungukwa na ukungu huuhuu, hata tembo wa bangoni namwona nusu. Nikapiga namba zote tano. Nyumba nne zimeniapia kwamba mlima uko wazi. Mmoja kasema anautazama pale anapoongea na mimi, theluji inamuumiza macho!"

"Loo!"

"Nikajiuliza, huyu akinidanganya kwa kitu ninachokiona mwenyewe, atanidanganya mangapi nisiyoyaona? Shuka je? Maji ya moto je?" Akamgeukia Ombeni. "Bango lenu nalo linadanganya, na huyo twiga wenu. Ila mama kasema lake. Nimemfuata mama, sikulifuata bango."

Ombeni alitazama viatu vyake, ambavyo sasa havikuwa vyeupe.

Usidhani basi mlima ulitoka kuwapongeza. Haukutoka. Wazee wale walikaa siku tatu, na siku zote tatu ulijifunika gubigubi. Waliota moto, wakajifunza kumenya ndizi mbichi bila kuchafua mikono, wakashindwa, wakachekana. Siku ya kuondoka, bibi mmoja kati yao aliandika kwenye kitabu cha wageni: "Mlima hatujauona. Mwakani tunarudi kuutafuta." Wakarudi kweli, na wenzao wanane juu, ikabidi waje kwa makundi mawili.

Grasiana naye alileta kundi kila mwezi, maana alikuwa na kampuni ya safari, na alikuwa akitafuta nyumba moja ya kuiamini upande ule.

Ombeni aliling'oa bango mwenyewe. Badala yake alitundika getini kibao kidogo cha mbao chenye pande mbili. Upande mmoja kimeandikwa LEO UPO, upande wa pili LEO UMEJIFUNIKA, na kila asubuhi shangazi yake hukigeuza kwa mkono wake. Magari husimama kukisoma. Wengi wa wanaosimama hushuka, hata siku ya kujifunika.

Bwana Tesha alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, utepe mkononi. Alikuta viatu vya watu mlango hadi mlango. Aliondoka na oda ya trei nne za mayai kila wiki.

Funzo: Tangazo linaweza kumleta mgeni mara moja, lakini neno la kweli ndilo linalomrudisha; ukimdanganya mteja kwa jambo dogo analoliona, hatakuamini kwa makubwa asiyoyaona.